Diski au mtandaoni? Nilivyompimia Mwalimu mzigo wake

Mwalimu alinifundisha hesabu darasa la sita. Sasa ni mstaafu, na Jumatatu moja asubuhi aliingia steshenari kwangu, Ngamiani, kompyuta mpakato ameiviringa kwenye kanga na kuileta ndani ya kikapu cha baiskeli. Nilishika kichwa. Kompyuta yenye diski ya kuzunguka, juu ya baiskeli, kwenye mashimo yetu haya! Lakini mtu wa Tanga na baiskeli yake nani atawatenganisha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nina swali moja tu, sitaki kukupotezea wateja. Mjukuu wangu wa Dar ananiambia vitu vyangu vyote nivipandishe mtandaoni. Jirani yangu anasema mtandao wa nini, nunua diski ufungie kabatini. Nimsikilize nani?"

Nikamvutia kiti. Swali hili naletewa kila wiki, na wanachuo wenye ripoti za utafiti, makatibu wa vikoba, vijana wanaopiga video za harusi. Wote wanataka jibu la neno moja. Mimi simjibu mtu kabla sijaona amebeba nini, na ndiyo maana naandika hapa kwa urefu: ujipimie mwenyewe, usije kupanga foleni kwenye mashine yangu ya fotokopi.

Diski iliyoondoka na waya wake

Miaka kadhaa nyuma, wakati wa masika, duka langu lilivunjwa usiku. Mvua ya Tanga ikipiga bati husikii hata jina lako ukiitwa, sembuse kufuli linapokatwa. Walichukua kompyuta ya mezani, mpakato na printa ndogo. Bakapu nilikuwa nayo, tena nikijisifu nayo mbele za watu: diski ya nje ya TB 1, nakala ya kila kitu, kila Ijumaa. Ilikuwa imekaa juu ya printa. Wakaibeba pamoja na waya wake.

Kazi za wateja nilizililia siku mbili. Picha za marehemu baba nazililia mpaka leo. Zilizobaki ni tisa tu, kwa sababu zamani nilimtumia dada yangu aliyeko Muscat kwa barua pepe. Alipozirudisha zilikuwa vilevile kama zilivyotoka kwenye kamera. Nyingine alizokuwa nazo nilikuwa nimemtumia WhatsApp, na zile zilishakamuliwa. Ukizikuza, uso wa baba unageuka miraba miraba. (Ukilazimika kutuma picha kwa WhatsApp na unataka ifike nzima, itume kama dokumenti, usiitume kama picha.)

Kwa hiyo naijua kinga ya diski inaishia wapi. Diski inakuokoa kompyuta ikifa. Mwizi, moto au maji vikiingia ndani, diski iliyo chumba kimoja na kompyuta inakwenda nayo. Kitu kilichokaa mbali ndicho kinachosalimika, na mtandao ni aina moja tu ya mbali. Aina ya pili nitaisema, nami naipenda zaidi.

Nyuma ya fotokopi iliyoharibika

Tuliiwasha kompyuta ya Mwalimu, nikachukua karatasi iliyokwama kwenye mashine tukaandika nyuma yake. Katika Windows bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, usome ukubwa. Kwenye Mac ni Get Info. Fanya hivyo kwa kila folda kubwa, na usisahau Desktop na Downloads, maana ndiko watu wanakorundika mambo yao yote.

Jumla ilikuwa GB 46 (GB moja ni kama MB elfu moja, na MB moja ni kama KB elfu moja). Video za harusi ya binti yake wa mwisho, GB 29. Picha, GB 14. Filamu na mawaidha aliyopewa na watu kwa flashi, GB 2.4. Hati, yaani barua, karatasi za shamba alizoskani, mambo ya pensheni, MB 600. Ndani ya hizo hati kulikuwa na folda moja aliyonionyesha kwa sauti ya chini: utenzi anaoutunga tangu astaafu, beti mia nne na kitu. Nikaangalia ukubwa wake. KB 90.

"Miaka sita hiyo," akasema.

Kando yake kulikuwa na picha moja ya simu, ya mbuzi aliyepanda juu ya mtumbwi. MB 4. Mbuzi yule alikuwa mzito kuliko utenzi mzima kwa zaidi ya mara arobaini. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani.

Tukagawa malundo matatu. La kwanza, vitu vinavyopatikana tena: zile filamu na mawaidha. Hivyo havihitaji akiba, vikipotea ataomba kwa aliyempa. La pili, vizito visivyorudi: video za harusi na wingi wa picha. La tatu, vyepesi visivyorudi: utenzi, hati, na picha ambazo angeziokota kwanza nyumba ikishika moto. Nilimwambia achague hizo picha mwenyewe nyumbani bila haraka. Alichagua za GB 3.

Kisha hesabu, na hapo nilirudi darasa la sita. Duka langu linatumia ruta ya laini ya simu. Nilipima kasi mbele yake kwenye tovuti ya kupimia. Zinatoka namba mbili, na kila mtu husoma ile kubwa, ya kushusha. Wewe soma ya kupandisha, kwa kuwa bakapu inapanda. Yangu asubuhi ile ilikuwa megabiti 3 kwa sekunde.

"Megabiti si megabaiti, Mwalimu. Baiti moja ni biti nane."

Akaninyang'anya kalamu. GB 1 ni biti bilioni 8. Kwa milioni 3 kila sekunde, ni sekunde 2,667, kama dakika 45. GB 46 zote, saa 34. "Mchana na usiku," akasema, "na umeme usikatike." Na bando lisiishe, nikaongeza, maana kupandisha kunakula bando sawasawa na kushusha. Lundo la tatu peke yake, GB 3.6, saa mbili na dakika 40. Kwa diski ya nje iliyochomekwa kwenye USB 3, ile ambayo mdomo wake mara nyingi ni wa buluu, ikipokea MB 100 kwa sekunde, mzigo mzima ni dakika 8. Picha ndogondogo nyingi huchelewesha, kwa hiyo tuseme nusu saa, kikombe cha chai.

Kipimo changu ni hiki. Lundo likimalizika kupanda usiku mmoja, lipeleke mtandaoni. Likitaka siku tatu, huo ni mzigo wa diski. Angalia pia unaongeza kiasi gani kila wiki. Kijana mmoja anayepiga video hapa mtaani anarudi na GB 60 kwa kila harusi. Kwa intaneti kama yangu hiyo ni zaidi ya saa 44 kwa harusi moja, na msimu wa harusi ana mbili kwa wiki. Atapandisha mpaka wale maharusi wapate wajukuu. Yeye nilimwambia asahau mtandao, anunue diski mbili. Mwanachuo mwenye ripoti ya MB 12 nilimwambia kinyume chake: aanze mtandaoni leo hii, flashi baadaye. Huyu ana hofu ya flashi kupotea kwenye daladala, si ya bando.

Akiba inaoza, kama ni Tanga

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakuwahi kuweka flashi kwenye droo huku upepo wa bahari unaingia dirishani. Nimefungua flashi za wateja nikakuta kutu ya kijani kwenye meno yake. Hata bila kutu, flashi inashika mambo yako kwa chaji ndogo za umeme, na ikikaa miaka bila kuchomekwa chaji hizo huvuja polepole. Flashi ni ya kubebea kazi kutoka nyumbani mpaka kwangu. Usiifanye sanduku la urithi.

Diski ya nje ya kawaida ina sahani zinazozunguka, nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake kwa nafasi nyembamba kuliko unywele. Ikianguka inazunguka, au ikipigwa na mashimo kwenye kikapu cha baiskeli wakati kompyuta bado inawaka, kichwa hugusa sahani. Ukisikia tak-tak-tak, zima papo hapo. Usiiwashe tena "kuangalia kama imepona," kila ukiwasha unakwangua zaidi. Diski ya SSD haina kinachozunguka, inavumilia kuanguka, ila kwa ukubwa uleule bei yake iko juu. Kwa akiba inayokaa kabatini mimi bado nanunua ya kuzunguka.

Nunua yenye nafasi mara mbili ya mzigo wako. Mwalimu ana GB 46, hata diski ndogo kabisa ya dukani inamtosha miaka. Na tafadhali, ukikuta flashi ya TB 2 inauzwa bei ya chipsi mayai, ipite. Zile zimetengenezwa kuidanganya kompyuta: inaonyesha TB 2, ndani ina GB 16 au 32, ikijaa inaandika juu ya ulichokwisha kuweka au inatupa, na wewe unaona inakopi vizuri tu. Kuna programu za bure za kupimia, H2testw kwa Windows na F3 kwa Mac na Linux. Zinaijaza flashi yote kisha zinasoma zilichoandika. Ninayo H2testw kwenye kompyuta ya dukani, na imeshanigombanisha na wauzaji wawili.

Angalia pia mpangilio wa diski. Ikiwa ni FAT32, faili moja haliwezi kuzidi GB 4, na video ya harusi itakataa kuingia huku diski inaonyesha ina nafasi tele. Ibadilishe iwe exFAT kama utaitumia kwenye Windows na Mac, au NTFS kama ni Windows tu. Kubadilisha kunafuta kila kitu, kwa hiyo ni kazi ya siku ya kwanza, diski ikiwa tupu.

Kukopi kwa mkono kunafaa, lakini mkono husahau. Windows ina File History ndani yake. Utaipata kwenye Control Panel. Chomeka diski, iwashe, itachukua Documents, Pictures, Desktop na nyingine za kawaida, na itatunza matoleo ya zamani ya kila faili. Hilo la matoleo ndilo la thamani: Mwalimu akifuta ubeti kwa bahati mbaya, akaseva, akaja kugundua baada ya mwezi, utenzi wa mwezi uliopita bado upo. Mac wana Time Machine, nayo inafanya kazi hiyohiyo kwa raha zaidi, nakiri.

Ikimaliza, itoe kwa Eject kwanza ndipo uchomoe. Kisha iweke mbali na kompyuta. Usiiache imechomekwa wiki nzima. Diski iliyochomekwa inapata kila kinachoipata kompyuta: umeme unaorudi kwa kishindo, na virusi. Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga mafaili ya kompyuta duniani kote na kudai malipo, na virusi vya jamii hiyo hufunga pia diski vinayoikuta imechomekwa. Vya kwetu huku ni vya kienyeji zaidi, folda zote za flashi zinageuka vishale, yaani njia za mkato, mtu anakuja analia kazi zimefutwa. Mara nyingi zimefichwa tu, usifomati. Mpelekee anayejua amri ya attrib, inayofichua mafaili yaliyofichwa. Kompyuta ya Mwalimu ilikuwa Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia 14 Oktoba 2025, kwa hiyo nilimsisitizia zaidi: diski ikae nje, ichomekwe kila Ijumaa kwa muda wa saa moja tu.

Kwa kuhifadhi, kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana linatosha. Tia ndani vile vipakiti vidogo vinavyokuja na viatu vipya, vinanyonya unyevu. Mchele usitie, unga wake unaingia kwenye mdomo wa USB.

Wingu langu liko Muheza

Wingu ndilo jina wanaloipa akiba ya mtandaoni; langu ni diski, na hii ndiyo ile aina ya pili ya mbali. Nina diski mbili zinazofanana, moja nimeibandika plasta nyekundu, nyingine nyeupe. Moja iko nyumbani kwangu, nyingine iko kwa mama Muheza, kwenye kabati la vyombo vya wageni. Kila mwisho wa mwezi nikienda kumwona nabeba iliyo mpya, narudi na ya zamani, na machungwa. Mwizi avunje Ngamiani, maji yajae, kompyuta iungue: nitakuwa nimepoteza mwezi mmoja tu. Haili bando, haina ada ya mwezi, na Muheza hakuna chumvi ya bahari.

Ubaya wake ni basi. Diski inaweza kusahaulika kwenye kiti ikaenda mpaka Lushoto. Ndiyo maana yangu ina nywila. Natumia VeraCrypt, programu ya kufungia diski kwa nywila, ni ya bure. Ukiisahau nywila hiyo hakuna fundi atakayekufungulia, mimi nikiwemo. Yangu imeandikwa kwenye daftari la mama la vipimo vya nguo, ukurasa ambao yeye anadhani ni vipimo vya mtu.

Nina sababu nyingine ya nywila. Steshenari inapita vitambulisho vya NIDA, vyeti, hati za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inatubana hata sisi wadogo. Skani za wateja nazifuta jioni, hazipandi mtandaoni kwangu wala haziendi Muheza.

Ya mtandaoni, na mitego yake

Kwa lundo lake jepesi, Mwalimu hakuhitaji kulipa hata senti. Google inatoa GB 15 bure, lakini zinagawanywa kati ya barua pepe, Drive na picha. OneDrive ya Microsoft GB 5, iCloud ya Apple GB 5, Dropbox GB 2. GB 3.6 zake zinaingia Google na nafasi inabaki. Angalizo: zile 15 zikijaa, hata barua pepe zinaacha kuingia. Nimemwona mtu amekosa barua ya usaili kwa sababu ya video za mdundiko.

Mtego mkubwa ni huu, na mjukuu wa Dar hakuusema. Huduma hizi nyingi zinalandanisha. Kompyuta na mtandao vinafanana kama mtu na kioo. Ukifuta hapa, kunafutika kule. Kirusi kikifunga hapa, lililofungwa linapanda kule. Kwenye Google Drive ulichokifuta kinakaa kwenye pipa la taka siku 30 kisha kinakwenda moja kwa moja. Siku 30 ni chache kwa mtu anayefungua kompyuta Ijumaa kwa Ijumaa. Kwa hiyo mtandao wa namna hii usiwe akiba yako peke yake. Zipo huduma za kulipia zilizotengenezwa kwa ajili ya bakapu hasa, kama Backblaze, nazo hutunza matoleo ya zamani. Ukizitaka soma kwanza zinatunza kwa siku ngapi, na kama zinahesabu diski ya nje ambayo huichomeki mara kwa mara.

OneDrive ina ujanja wake. Katika Windows mpya inaweza kujipa kazi ya kuchukua Desktop na Documents bila wewe kuelewa umekubali lini. Kando ya faili ukiona alama ya wingu jeupe lenye ukingo wa buluu, faili hilo halimo kwenye kompyuta yako, limo mtandaoni, ulichonacho ni jina lake tu. Siku intaneti haipo hulifungui. Bofya kulia uchague Always keep on this device kabla ya kukopi kwenda kwenye diski.

Na siku za kutokuwa na intaneti tunazijua. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, nchi nzima ikabaki inasuasua. Mwanafunzi mmoja alikaa kwenye benchi langu kutwa, kazi yake iko mtandaoni na anatakiwa kuichapa. Na kuanzia 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa siku kadhaa. Waliokuwa na diski waliendelea kuchapa kwangu kama kawaida.

Kufungua akaunti ni kazi ndogo, kuilinda ndiko kwenye kazi. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Kisha chukua zile namba za dharura inazokupa, uzichape kwenye karatasi, uziweke pamoja na hati ya kiwanja. Watu wanasahau hili, halafu simu inaibiwa au laini inafungwa kwa kukaa muda mrefu bila kutumika, ujumbe wa uthibitisho unakwenda kwenye namba isiyo yao tena, na picha za miaka kumi zinabaki ng'ambo ya mto. Ingia pia mara mojamoja. Google inaweza kuifuta akaunti iliyokaa miaka miwili bila kuguswa. Kompyuta mpya za Windows 11 nazo zinaweza kujifunga zenyewe kwa BitLocker, kufuli la Windows la diski, na ufunguo wake wa tarakimu 48 unakaa kwenye akaunti ya Microsoft. Ichape hiyo namba nayo. Diski ikitolewa na fundi, kitu cha kwanza itakachouliza ni hiyo namba.

Ukifika mahali pa kulipia, chukua bei ya mwezi uizidishe kwa 36, uilinganishe na bei ya diski mbili. Miaka mitatu ndiyo ninayoipa diski kabla sijaanza kuishuku. Kwa wengi wanaokuja kwangu diski zinashinda kwa mbali. Kwa anayesafiri kila wiki, au anayeishi kwenye chumba cha kupanga chenye mlango mwepesi, namwambia alipie mtandao bila kujiuliza.

Fungua uone

Dada mmoja aliniletea diski aliyokuwa akiikopia kila Jumapili kwa miaka miwili. Kompyuta imekufa, yeye ametulia kabisa, anasema bakapu ipo. Tukafungua. Vishale vitupu. Alikuwa akivuta njia za mkato kutoka Desktop, mafaili yenyewe hayakuwahi kuhama. Kila kimoja KB 2. Nilimpa maji ya kunywa, sikuwa na kingine cha kumpa.

Basi mara moja kwa mwezi chukua diski, ichomeke kwenye kompyuta nyingine isiyo yako, chagua mafaili matatu ya miaka tofauti, yafungue mpaka uone picha au usome maneno. Linganisha na ukubwa wa folda ulioandika siku ya kwanza. Kwa mtandaoni, ingia kwa simu ya mtu mwingine, shusha faili moja, fungua, kisha utoke kwenye akaunti.

Mwalimu alirudi Jumatano na diski mpya mbili, safari hii amekuja kwa bajaji. Tuliijaza ya kwanza wakati anakunywa chai, ya pili wakati anaupitia utenzi na kubadilisha maneno mawili, ikabidi nikopi upya. Moja ataiweka kwake Chumbageni, nyingine kwa binti yake Korogwe. Lundo jepesi tukalianzisha kupanda kwenye ruta yangu saa tisa alasiri. Nilimwambia aende zake, nitamalizia. Saa kumi na moja akapiga simu kuuliza utenzi umefika wapi.

"Ulifika wa kwanza, Mwalimu, kabla hujavuka barabara. Tunamsubiri mbuzi."